Kilomita 98,000 za kutiliwa shaka au 187,000 zenye daftari: gari lipi litadumu?

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kondoa. Nimekusanya shilingi milioni 11 na ninataka gari la kukaa nalo miaka 6 au 7, la kwenda Dodoma mjini mara mbili kwa mwezi pamoja na safari za vijijini. Nimeonyeshwa magari mawili jijini Dar es Salaam. La kwanza ni Toyota IST ya mwaka 2004, sisi 1300, iliyosajiliwa nchini mwaka 2015. Odometa inasoma kilomita 98,000, rangi inang'aa, na dalali anasema mwenye gari ni mama ambaye alikuwa akiliendesha kwenda kanisani tu. La pili ni Toyota Premio ya mwaka 2003, sisi 1800, otomatiki, yenye kilomita 187,000. Boneti imepauka, lakini mwenye nalo ni mstaafu ambaye ameliendesha peke yake tangu 2013 na ana daftari alimoandika kila alipomwaga oili. Bei zinakaribiana. Nitajuaje lipi litadumu?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Swali lako lina maswali mawili ndani yake, na watu wengi huyachanganya kwa gharama kubwa. La kwanza ni kama aina hiyo ya gari ni imara, na la pili ni kama gari hilo moja, lenye namba hiyo ya chesisi, bado lina uhai wa kutosha. Kwa gari la miaka mitatu au minne, swali la kwanza lina uzito mkubwa, kwa sababu bado halijapata nafasi ya kuharibiwa na watu. Kwa gari lililovuka miaka 20, kama haya yako yote mawili, swali la pili limelimeza la kwanza. Jina la gari linakuambia lilivyozaliwa, halikuambii lilivyolelewa. Ndiyo maana sikushauri utumie muda mwingi kusoma zile orodha za magari imara zinazotolewa na wakaguzi wa magari wa TÜV ya Ujerumani au jarida la Consumer Reports la Marekani. Orodha hizo hupangwa kwa magari yaliyouzwa huko na kukaguliwa au kutumiwa huko, ilhali haya ya kwetu yaliundwa kwa soko la Japani, yakatumika huko miaka kumi hivi, kisha yakaanza maisha ya pili kwenye joto, vumbi na foleni zetu.

Tuanze na hizo 98,000, kwa sababu ndizo zinazokuvutia. Chukua kalamu tupige hesabu. IST hiyo ilikaa Japani tangu 2004 hadi 2015, yaani kama miaka 11. Hata tukisema mwenyewe wa huko alikuwa mtu wa treni na alitembea kilomita 6,000 tu kwa mwaka, gari liliingia bandarini likiwa na kilomita kama 66,000. Zinabaki 32,000 za kugawanya kwa miaka kumi hivi ya Dar es Salaam, na hizo ni kilomita 9 kwa siku. Mtu anayetoka Ubungo kwenda Kariakoo huzimaliza kwa safari ya kwenda tu, bado hajarudi nyumbani. Inawezekana kweli mama huyo alikuwa akienda kanisani pekee. Lakini inawezekana zaidi kwamba odometa imerudishwa nyuma, kazi ambayo siku hizi hufanywa kwa kompyuta ndogo na kuchukua dakika chache, na isiyoacha mkwaruzo wowote wa bisibisi kwenye dashibodi kama zamani.

Ushahidi wa kilomita haupo kwenye kioo cha odometa, upo kwenye vitu ambavyo muuzaji husahau kuvigusa. Tazama raba ya pedeli ya breki: ikiwa imelika hadi mistari yake kufutika upande mmoja, au ikiwa mpya kabisa ndani ya gari la 2004, jiulize kwa nini. Tazama ngozi ya usukani pale mikono inaposhika saa tisa na saa tatu, kisha sifongo ya kiti cha dereva upande wa mlangoni. Halafu fungua mlango wa dereva na uchungulie kwenye nguzo yake, na ufungue boneti uangalie karibu na kichujio cha hewa. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika vikaratasi vidogo vyenye tarehe na kilomita kila wanapobadilisha oili au beliti, na hata kama husomi maandishi yao, tarakimu ni zilezile zetu. Nimewahi kukuta karatasi ya namna hiyo ikionyesha kilomita 112,000 za mwaka 2011 katika gari ambalo dashibodi yake, miaka tisa baadaye, ilikuwa ikidai 84,000. Vilevile, cheti cha Japani cha kuondoa gari kwenye usajili ili lisafirishwe nje huonyesha odometa, na aliyeliagiza gari mara nyingi huwa na nakala yake. Mwombe dalali nakala hiyo. Asipokuwa nayo, namba ya chesisi inaweza kutumika kutafuta karatasi ya mnada wa Japani gari lilikouzwa, kupitia huduma za kulipia mtandaoni, na humo utaona kilomita za wakati huo pamoja na alama za mkaguzi, ambapo A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na S ni kutu.

IST ina jambo jingine la kuzingatia, nalo linatokana na sifa yake njema. Ni gari lililotoka Japani kuanzia 2002, likauzwa hata Marekani kwa jina la Scion xA, na injini zake za familia ya NZ, 2NZ-FE ya sisi 1300 na 1NZ-FE ya sisi 1500, ni miongoni mwa injini ninazoziamini zaidi kwa matumizi ya kawaida. Hutumia cheni badala ya beliti ya taimingi, hazina mambo mengi, na vipuri vyake utavipata kwenye maduka ya eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwa urahisi kama unavyopata sukari dukani. Kwa sababu hiyohiyo ndilo gari ambalo madereva wa teksi za mtandaoni jijini wamelitumia kupita kiasi. Kwa hiyo unapoona IST nyingi barabarani unapata ushahidi mzuri juu ya aina ya gari, lakini unapata shaka juu ya gari moja moja. Teksi hujitambulisha kwa nyuma, kwa maana kiti cha nyuma huwa kimelegea na vitasa vya ndani vya milango ya nyuma vimechakaa kuliko vya gari la familia, na mara nyingi hubaki alama ya gundi ya kishikio cha simu kwenye dashibodi au kioo cha mbele. Gari la mama wa kanisani haliwezi kuwa na kiti cha nyuma kilichochoka kuliko cha dereva.

Sasa Premio. Namba yake ya chesisi ikianza na ZZT240, kama ninavyotarajia kwa sisi 1800 ya mwaka huo, ina injini ya 1ZZ-FE, na hapa lazima nikuambie ukweli ambao mstaafu wako huenda haujui. Injini hiyo ni nyepesi, ina nguvu ya kutosha na haitumii petroli vibaya, lakini matoleo yake ya miaka ya mwanzo, na hili la 2003 limo, yalikuwa na kasoro kwenye pistoni. Vitundu vinavyorudisha oili kutoka kwenye ringi ya chini vilikuwa vidogo na vichache. Oili ikichelewa kumwagwa, masizi huziba vitundu hivyo, ringi hunata, na oili huanza kupanda juu na kuungua pamoja na petroli. Toyota walibadilisha pistoni hizo katika matoleo ya baadaye. Dereva haoni kitu kwa muda mrefu, kwa sababu gari linawaka vizuri na kuvuta vizuri, mpaka siku oili inapopungua kiasi cha kuua injini yenyewe. Injini hiyo hubeba oili chini kidogo ya lita 4, kwa hiyo ikila lita moja kila kilomita 1,000 na wewe ukasubiri kilomita 5,000 ndipo ufungue boneti, hutakuwa na oili ya kumwaga.

Hapo ndipo daftari la mstaafu linapokuwa na thamani kuliko rangi inayong'aa, lakini lisome kama unavyosahihisha mtihani, usilipokee kama zawadi. Angalia kwanza nafasi kati ya tarehe moja na nyingine: kilomita 4,000 hadi 5,000 ni jambo jema, 8,000 na zaidi ni dalili kwamba pistoni zile zimepewa masizi ya kutosha. Angalia pili kama ameandika kuongeza oili katikati, nusu lita hapa, lita moja pale, na kama maongezo hayo yamekuwa yakikaribiana kadiri miaka ilivyosogea. Tatu, angalia aina ya oili. Mtu aliyekuwa akitumia oili nyepesi ya 5W-30 kisha miaka miwili ya mwisho akahamia 20W-50 huenda aliambiwa na fundi wake kwamba injini imeanza kula oili, maana oili nzito hupunguza ulaji na hunyamazisha kelele za cheni kwa muda. Daftari ambalo kurasa zake zote zina wino wa rangi moja na mwandiko uliotulia kana kwamba liliandikwa jioni moja, lirudishe kwa adabu.

Baada ya kusoma, pima. Mwombe mwenye gari alilaze usiku bila kuliwasha, nawe ufike asubuhi na uweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuwa nyingi. Ikiwa lina joto, mtu ameliwasha mapema ili kuondoa moshi wa kwanza. Simama nyuma ya gari mtu mwingine akiliwasha. Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache kisha kukoma mara nyingi ni sili za vali zilizokakamaa, ugonjwa wa kero ambao hauui. Moshi wa bluu unaotoka pale gari linapokanyagwa mafuta likiwa limeshapata moto ni ringi, na hapo tunazungumzia kufungua injini. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta, unaelekea kwenye gasketi ya silinda hedi. Sikiliza pia sekunde tatu za mwanzo: mlio wa mnyororo unaokwaruza kisha kunyamaza ni cheni iliyolegea au kikaza cheni kilichochoka, na hii huletwa na oili chafu katika injini zote mbili tunazozizungumzia. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi ya simu. Rangi ya kahawia kama ya chai ya rangi ni umri wa kawaida, tope jeusi linalonata kama lami ni uzembe wa miaka mingi, na povu la rangi ya maziwa ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Ukiweza, lipa fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Tarakimu yenyewe hubadilika kulingana na kipimo na hali ya betri. Unachotafuta ni silinda zinazofanana, ambazo tofauti kati ya ya juu na ya chini haivuki asilimia 10 au zaidi kidogo. Silinda moja ikiwa imeachwa nyuma na wenzake, hakuna bei ya kukufanya uifumbie macho.

Hata hivyo, kama ningepewa ruhusa ya kupima jambo moja tu kwenye gari la zamani hapa kwetu, nisingepima oili, ningepima joto. Injini za magari yako yote mawili zina bloku na silinda hedi za aluminiamu, na aluminiamu iliyochemka mara moja vibaya hupinda, ikapinda kidogo tu kiasi ambacho jicho halioni lakini gasketi inajua. Miaka mingi ya gereji imenifundisha kwamba idadi kubwa ya injini zinazokufa mikononi mwa wanunuzi wapya zilikuwa zimeshachemka kabla ya kuuzwa, na zikafichwa kwa dawa mbili za mtaani. Dawa ya kwanza ni kuchomoa thamostati. Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 82 hivi, na fundi asiyejua chanzo cha kuchemka huitoa ili maji yazunguke wakati wote. Gari huacha kuchemka mjini, lakini injini haifiki joto lake, kompyuta huendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani ni asubuhi, oili huchafuka upesi, na ule ugonjwa wa awali, iwe rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, bado upo palepale. Dawa ya pili ni kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote ufunguo ukiwashwa.

Nilimhudumia mteja mmoja aliyenunua saluni ya aina hiyohiyo ya Premio ikiwa na dawa zote mbili. Miezi mitatu ya Dar es Salaam ilipita bila neno, naye akawa ananiletea salamu za kunicheka kwa kuwa nilimshauri asinunue kabla ya kuipima. Kisha akaipakia familia kwenda Iringa, na kwenye mlima Kitonga, nyuma ya malori, gari likachemka hadi likazima. Silinda hedi ilikuwa imepinda, na alama za patasi zilionyesha kwamba ilishafunguliwa na kukwanguliwa kabla yake. Hakunicheka tena, ingawa nami sikupata raha yoyote kwa kumwambia bei ya kazi ile.

Kwa hiyo fanya hivi injini ikiwa baridi. Zima kiyoyozi, washa ufunguo, kisha washa gari: feni ikianza kuvuma papo hapo, uliza kwa nini. Shika bomba la chini la rejeta kwa uangalifu, mkono ukiwa mbali na feni na beliti. Linapaswa kubaki la baridi kwa dakika kadhaa wakati injini inapata moto, kisha lipate moto thamostati inapofunguka, na muda mfupi baadaye feni iwake yenyewe, izime, iwake tena. Likianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo pamoja na bomba la juu, thamostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Maji ya rejeta, ambayo utayaangalia kabla ya kuwasha na kamwe si baada, yawe na rangi ya dawa yake, nyekundu au ya waridi kwa Toyota, wala si rangi ya chai ya maziwa. Maji ya bomba matupu yenye kutu yanakuambia kwamba kwa miaka kadhaa pampu na rejeta vimekuwa vikiliwa kutoka ndani. Tazama pia juu ya rejeta, ile sehemu ya plastiki: ikiwa imegeuka kahawia imekauka, na itapasuka siku moja bila kukupa taarifa. Hilo si kosa la kuliacha gari, ni la kupunguza bei na kubadilisha rejeta kabla hujatoka Dar es Salaam. Kisha liendeshe kwa dakika 40 angalau, nusu yake kwenye foleni kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Giaboksi nitaipitia kwa ufupi, kwa sababu hapo una bahati. IST hiyo na Premio hiyo zote zina otomatiki ya kawaida ya gia nne, ambayo ikitunzwa hudumu kama injini. Ungekuwa unaangalia Premio ya kuanzia 2007 ningeandika kurasa mbili, kwani kizazi hicho kilikuja na giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua na zinazotaka haidroliki yake maalumu, yaani oili ya giaboksi, na nimeona nyingi zikifa kwa sababu mtu alimwagia haidroliki ya otomatiki ya kawaida. Kwa hizi zako, kanyaga breki, hamisha kutoka P kwenda R, kisha D. Gari liitikie ndani ya sekunde moja au mbili bila kugonga. Haidroliki iwe nyekundu au kahawia nyepesi, isinuke kuungua. Ikiwa daftari halionyeshi kwamba iliwahi kubadilishwa katika kilomita zote 187,000, usikubali fundi akuoshee giaboksi yote kwa mashine siku ya kwanza. Imwagwe ile inayotoka kwa nati ya chini, ijazwe mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, kisha irudiwe baada ya miezi michache.

Upande wa umeme, angalia jambo ambalo hata madalali hodari hulisahau. Washa ufunguo bila kuwasha injini, na taa zote za tahadhari kwenye dashibodi ziwake: ya injini, ya oili, ya betri, ya mfuko wa hewa. Kisha washa injini, zizimike. Taa ya injini isiyowaka kabisa katika hatua ya kwanza haimaanishi kwamba gari ni zima, mara nyingi inamaanisha kwamba mtu ameizima. Mashine ya kusoma makosa ni msaada, ila kwa magari ya Japani ya miaka hiyo si kila kifaa cha bei ndogo kinaweza kuyasoma, na makosa hufutika kwa kubonyeza kitufe kimoja. Endesha kwanza, soma baadaye.

Bodi na kutu vinahusu uhai wa gari kuliko watu wanavyodhani, kwa maana injini hubadilishwa lakini chesisi iliyoliwa ndiyo mwisho. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani, kunakomwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji, huliwa chini huku juu yakimetameta, na yaliyokaa miaka mingi karibu na bahari yetu hufuata njia hiyohiyo. Linyanyue gari, usikubali kuambiwa halina shida bila kuona. Kwa gari la Dar es Salaam nyanyua pia zulia: udongo laini chini yake na kutu kwenye bolti za viti ni kumbukumbu ya maji ya mafuriko, na umeme wa gari lililozama hautulii tena. Linganisha vilevile namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, injini imebadilishwa, na hapo historia yote unayoambiwa ni ya injini ambayo haipo tena.

Kuna kitu kimoja ambacho magari yote mawili hayawezi kukukwepesha, nacho ni raba. Mabomba ya maji, bushi, mauntingi za injini, sili na mabomba ya breki huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita. Kwa hiyo hata kama zile 98,000 zingekuwa za kweli, IST ya 2004 ingekuwa na raba za miaka zaidi ya 20, na kuna magari niliyoyaona yakianza kuvuja kila mahali mara tu yalipotoka kwenye mapumziko ya kanisani na kuanza kufanya kazi. Matairi nayo yana tarehe yake ubavuni: tarakimu nne kama 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kwa ajili hiyo usitumie milioni 11 zote kununua. Bakiza milioni moja na nusu, ikiwezekana mbili, za kazi ya mwezi wa kwanza.

Sasa hukumu yangu, kwa niliyoyasikia kabla ya kuona. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 160 za lami. Ukienda na kurudi mara mbili kwa mwezi ni 640, na ukiweka vijiji utafika 1,000 kwa mwezi, sawa na 72,000 kwa miaka sita. Premio hiyo itakuwa imefika karibu 260,000, umbali ambao 1ZZ-FE iliyomwagwa oili kwa wakati inaufikia, na ambao iliyopuuzwa haiufikii. IST yako hatujui itakuwa imefika ngapi, kwa sababu hatujui imetoka ngapi. Ningeanza na Premio, nikiweka masharti mawili yasiyojadiliwa. La kwanza ni mfumo wa maji upite vipimo nilivyoeleza. La pili ni oili: mwombe mstaafu aijaze hadi alama ya juu mbele yako, upige picha kijiti na odometa, aliendeshe kama kawaida hadi kilomita 500, kisha mpime tena mahali tambarare, gari likiwa baridi. Ikipungua chini ya robo lita, lichukue na uendelee na kawaida yake ya oili nyepesi kila kilomita 5,000. Ikipungua nusu lita, hiyo ni lita moja kwa kilomita 1,000, na bei ishuke kwa gharama ya kufungua injini na kuweka pistoni na ringi mpya, au uache. Mtu aliyekaa na gari zaidi ya miaka kumi na kuliandikia daftari sidhani atakataa jaribio hilo. Dalali wa IST mwombe vilevile, pamoja na nakala ya cheti cha Japani, na uone atakujibu nini.

Ukilichukua Premio, kabla ya kuanza safari ya Kondoa badilisha mabomba yote ya maji, thamostati, kifuniko cha rejeta na beliti ya nje, na ubebe nusu lita ya oili ya aina ileile kwenye buti. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoa kijiti. Mwaka wa kwanza andika unachokiona kwenye ukurasa unaofuata wa daftari hilohilo la mzee.